Mwenye kuhama ndiye anayesubiri

Kwa miaka kumi na kitu sasa miji yetu imekuwa ikipata barabara pana ambazo madereva wa zamani hawakuwa nazo. Barabara ya Thika, Nairobi, ilizinduliwa Novemba 2012. Dar es Salaam ilipata daraja la juu la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, kisha daraja la Kijazi pale Ubungo Februari 2021, na kipande cha Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kikapanuliwa kikawa njia nane. Nairobi wakaongeza barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mwaka 2022. Haya ni maendeleo ya kweli, na anayeyabeza amesahau foleni ya Ubungo ilivyokuwa kabla ya daraja. Lakini barabara hizi zimehamisha mahali hatari inapokaa. Kwenye barabara ya zamani, leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, dereva aliyetaka kuovateki alichungulia mbele aone kama kuna lori linakuja. Mafunzo yote, woga wote na ustadi wote ulielekezwa mbele. Kwenye barabara yenye leni nne kila upande hakuna anayekuja kukukabili. Anayeweza kukuua, au utakayemuua wewe, yuko nyuma ya bega lako, na mnakwenda upande mmoja.

Hapo ndipo lilipo swali linalozaa honi, matusi na milango iliyobonyea kila siku: mtu anapohama leni, nani ana haki ya njia? Kisheria jibu halina utata. Aliyemo kwenye leni ana haki. Anayetaka kuingia anasubiri mpaka aweze kuingia bila kumlazimisha aliyemo kushika breki au kukwepa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka dereva anayesogea kulia au kushoto ahakikishe kwanza kwamba hatawahatarisha walio nyuma yake, walio mbele yake na wanaokaribia kumpita, na atoe ishara mapema. Mwongozo wa madereva wa Uingereza, ambako tulirithi kuendesha upande wa kushoto, unataka vioo vitazamwe, na ikibidi shingo igeuzwe, ili usimlazimishe mwingine kubadili mwelekeo wala mwendo. Sheria ya Ujerumani ni kali zaidi: huruhusiwi kuhama leni isipokuwa umehakikisha kabisa kwamba hakuna mwingine atakayehatarishwa. Kwetu, hata hivyo, imejengeka imani tofauti. Wapo wanaoamini kwamba indiketa ikishawaka, njia imeshatolewa, na asiyepisha ni mkorofi. Wapo pia wasiowasha indiketa kabisa, wanaoamini kwamba pua ya gari ikishatangulia, haki imehamia kwao. Nadai kwamba makundi haya mawili yanafanya kosa moja: yanadhani haki ya njia ni kitu ambacho anayehama anaweza kujichukulia mwenyewe.

Sababu ya sheria kumwekea mzigo wote anayehama haitokani na adabu. Inatokana na nani anajua nini. Wakati gari linapotoka kwenye leni yake, mtu mmoja tu duniani anajua dakika na sekunde litakapotoka, naye ni aliyeshika usukani wake. Aliyemo kwenye leni ya pili hajui. Ameshikilia mstari wake na mwendo wake, na jambo pekee analoweza kuwaambia wengine ni kwamba ataendelea hivyo hivyo. Ukimpa yeye wajibu wa kujikinga, umempa kazi ya kubashiri nia ya kila gari lililo pembeni yake, kwa kila mita ya safari, na hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo. Ukimpa wajibu anayehama, umempa kazi inayowezekana: atazame, asubiri, aende. Anaweza kuchagua wakati wake. Mwenzake hana cha kuchagua. Indiketa inatoa habari ya nia, na ni habari muhimu sana, ndiyo maana asiyeiwasha anatenda kosa. Ila kutangaza nia hakuoni gari lililo nyuma, wala hakupunguzi mwendo wake.

Na mwendo una hesabu zake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, anahitaji sekunde moja hadi moja na nusu kutambua kwamba kuna jambo na kupeleka mguu kwenye breki, kwa hiyo mita 22 hadi 33 zimeshapita kabla tairi halijaanza kuhisi chochote. Sasa chukua hali ya kawaida kabisa ya alasiri pale Mbezi, kati ya Kimara na Kibaha: wewe uko leni ya taratibu kwa kilomita 60, na leni ya kulia kuna gari linakuja kwa 90. Tofauti ya mwendo ni kama mita nane kwa sekunde. Likiwa mita 40 nyuma yako, linakufikia chini ya sekunde tano, muda unaomtosha dereva wake kukuona na kupunguza. Likiwa mita 15, zimebaki sekunde mbili pungufu, na sehemu kubwa ya hizo italiwa na kushtuka kwake. Kioo cha pembeni kinaongeza tatizo, kwa sababu kioo kilichobinuka huonyesha eneo pana lakini hulifanya gari la nyuma lionekane dogo na la mbali kuliko lilivyo. Dereva anayesema kwamba alitazama kioo na aliona nafasi huenda anasema kweli tupu. Alichokiona hakikuwa nafasi aliyokuwa nayo. Ndiyo maana kutazama mara moja hakutoshi: mtazamo wa kwanza unakuambia gari lipo, wa pili unakuambia linakuja kwa kasi gani.

Kisha kuna yule ambaye kioo hakimwonyeshi kabisa. Bodaboda aliye usawa wa mlango wako wa nyuma yuko katika eneo ambalo kioo cha ndani kimeshamkosa na cha pembeni nacho hakimshiki. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani katika mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kiwango cha vifo kwa idadi ya watu ni kikubwa zaidi katika Afrika kuliko kanda nyingine yoyote. Si wote walikufa kwa sababu ya mtu kuhama leni. Lakini takwimu hizo zinaonyesha ni nani analipa gari linapokosea. Magari mawili yakigusana ubavu, kazi inayobaki ni ya fundi wa bodi na rangi. Gari likigusa pikipiki, aliyekaa juu yake anaanguka kwenye lami mbele ya matairi ya mwingine. Nitajibiwa kwamba bodaboda wenyewe wanapenya katikati ya magari na hawana leni. Ni kweli wengi wanapenya, na anayepenya naye anahama leni kila baada ya mita chache. Mzigo ninaousema unamwangukia yeye pia, mzima mzima. Hata hivyo kosa la bodaboda aliyetokea kusikofaa halifuti wajibu wa dereva wa gari kugeuza shingo kabla ya kugeuza usukani. Makosa mawili yanaweza kuwa ya watu wawili kwa wakati mmoja, na mahakama zinajua kuyagawa.

Wengine wanaona hoja ya usalama ni ya barabara za mwendo mkubwa, na kwamba kwenye foleni, magari yakitambaa, kuchomekea, yaani kujipenyeza mbele ya mwenzako, ni ujanja usiomdhuru mtu. Hapa ushahidi unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walioongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio lililofanyika kwenye duara la mita 230. Waliweka magari 22 na kuwaomba madereva wazunguke kwa mwendo sawa wa takriban kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na mataa, makutano, ajali wala shimo. Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri, kisha mabadiliko madogo ya mwendo yakaanza kukua kutoka gari moja hadi jingine, mpaka baadhi ya magari yakasimama kabisa, na kile kifungo cha foleni kikawa kinasafiri kurudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa. Hayo ni magari yaliyokuwa leni moja, yenye madereva wasiomchomekea mtu. Barabara ikishajaa, breki moja ya ghafla haiishi kwa aliyeishika. Wa nyuma yake anashika kwa nguvu zaidi, na wa nyuma yake zaidi, hadi mtu wa kumi na tano anasimama bila kuona sababu yoyote. Anayejipenyeza na kumlazimisha mwenzake kusimama anajipatia urefu wa gari moja. Gharama anaiacha kwa watu ambao hatawaona.

Na urefu huo wa gari moja mara nyingi ni faida ya macho tu. Mwaka 1999, Donald Redelmeier wa Toronto na Robert Tibshirani wa Stanford walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jambo ambalo kila dereva amelihisi, kwamba leni ya pili siku zote inakwenda haraka kuliko yake. Walionyesha kwamba hisia hiyo inaweza kutokea hata leni mbili zikiwa na mwendo sawa wa wastani. Leni yako inapokimbia, unayapita magari mengi kwa muda mfupi, kwa sababu hayo ya pembeni yamesimama yakiwa yamebanana. Leni yako inapokwama, magari yale yale yanakupita yakiwa yameachana, moja moja, kwa muda mrefu. Mwisho wa yote mko sawa, ila wewe umetumia muda mwingi zaidi ukiwa unapitwa kuliko ukipita. Tena uliowapita wametoweka nyuma yako, na waliokupita bado unawaona mbele. Waliwaonyesha wanafunzi wa udereva picha za video za leni ambayo kwa wastani ilikuwa inakwenda polepole kuliko yao, na wengi waliiona kuwa ya haraka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuhamahama leni kwenye foleni zetu, kwa hatari zote zinazoambatana nako, ni biashara ya kununua kitu ambacho hakipo.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: ukifuata kanuni hii Dar es Salaam au Nairobi, hutahama kamwe, kwa sababu hakuna atakayekuachia pengo; ukiwasha indiketa, wa nyuma anakanyaga mafuta ili alizibe. Sitalipuuza, kwa kuwa linaeleza ukweli. Dereva anayeongeza mwendo kwa makusudi ili kuziba pengo anatenda kosa lake, na ni kosa la hatari. Kanuni ya kupita gari inamtaka anayepitwa asiongeze mwendo, na busara hiyo hiyo inamhusu anayeombwa nafasi. Kuwa na haki ya njia hakumaanishi kwamba una wajibu wa kuitetea hadi bampa ya mwisho. Lakini tazama pingamizi hili linatufikisha wapi. Ubaya wa yule unanipa sababu ya kumlaumu, haunipi haki ya kuingia mahali ambapo sasa yupo. Tena mazoea ya kuchomekea ndiyo yaliyozaa mazoea ya kuziba. Watu wanafunga mapengo kwa sababu wamefundishwa na uzoefu kwamba pengo la mita kumi litaingiwa na wawili, mmoja bila indiketa. Aliyezoea kuona indiketa ikimsubiri, ikiwaka sekunde kadhaa na gari likibaki kwenye mstari wake, hana la kuogopa, na mtu asiye na la kuogopa anaachia kwa urahisi. Mzunguko huu lazima ukatwe mahali, na mahali panapokatika kwa sheria ni kwa anayehama, kwa sababu yeye ndiye anayeanzisha tendo.

Ipo hali moja ambayo kanuni inahitaji msaada, nayo ni leni inapokwisha. Pale ambapo njia tatu zinakuwa mbili, au ukarabati umefunga upande mmoja, aliye kwenye leni inayokufa hana hiari ya kubaki, na kumwambia asubiri mpaka barabara iwe tupu ni kumwambia alale hapo. Wajerumani wameliandika jambo hili kwenye sheria yao: magari yaendelee kutumia leni zote hadi karibu na mwisho, kisha yaingie kwa zamu, moja la huku, moja la kule. Waingereza nao wanashauri zamu hiyo, kwa sharti kwamba magari yawe yanakwenda polepole sana na iwe salama. Pale ambapo barabara inabanwa pande zote mbili kwa pamoja, Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya Ujerumani ilisema mwaka 2022 kwamba hakuna leni yenye kipaumbele. Kila mmoja ana wajibu wa kumjali mwenzake. Zamu hii haivunji kanuni niliyoitetea. Inaongeza wajibu wa kupisha kwa aliyemo, mahali maalumu panapojulikana na wote, na bado anayeingia ndiye anayetakiwa kuhakikisha kwamba zamu yake imefika. Tofauti yake na kutanua ni kubwa. Anayetanua anapita pembezoni, kwenye bega la barabara au kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi ambayo hakutengewa, kisha anadai huruma ya wale aliowaruka. Kwa sehemu zetu zinazobanwa, kibao kinachosema tu kwamba magari yaingie moja moja, kikiwekwa mita mia kadhaa kabla, na mstari wa rangi unaoonekana usiku, vingeondoa ugomvi mwingi kwa gharama ndogo ukilinganisha na bei ya daraja la juu. Wakala wa barabara wa Tanzania, TANROADS, wanaweza kuanza na hilo bila kusubiri sheria mpya.

Vyombo vikubwa navyo vinahitaji neno. Daladala au basi linalotoka kituoni linaanza safari kutoka kwenye kusimama, na kuna nchi, Ujerumani ikiwa mojawapo, zinazowataka madereva waliache litoke, kwa kuwa ndani yake wamo watu wengi. Ningeunga mkono hilo hapa, ilimradi liwe limetoka kwenye kituo halali na kwa indiketa, si katikati ya barabara baada ya konda kupiga bodi. Malori ya masafa marefu yana tatizo lao. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia; Tanzania, Kenya na Uganda upande wa kushoto. Lori lenye usukani wa kushoto linaloingia kwetu linampeleka dereva kukaa upande wa ukingo wa barabara, na anapotaka kuhamia kulia, upana wote wa kibini uko kati yake na gari dogo linalompita. Anahitaji muda mrefu zaidi na uangalifu zaidi, na anayempita asikae pembeni yake bila sababu. Lakini ukubwa haujawahi kuwa haki ya njia. Aliye na tani 30 nyuma yake ana sababu zaidi ya kusubiri, kwa kuwa akikosea madhara yake ni makubwa zaidi.

Kinachodumisha mazoea haya kuliko chochote ni namna tunavyohukumu ajali zenyewe. Barabarani kwetu kuna msemo unaochukuliwa kama sheria: aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa. Kwa magari yaliyokuwa yakifuatana kwenye leni moja, msemo huo una mantiki, maana wa nyuma alipaswa kuacha nafasi ya kutosha. Lakini mtu akikaa mbele yako kwa ghafla kutoka leni ya pembeni na kushika breki, nafasi uliyokuwa umeiacha ameila yeye. Wewe ulitii sheria, na utii wako ndio uliompa mahali pa kuingilia. Ukimgonga, msemo unakuhukumu wewe na unamwachia yeye adai fidia. Mahakama za Ujerumani zimeliona hilo: dhana kwamba wa nyuma ndiye mkosaji huanguka ikithibitika kwamba wa mbele alikuwa ndiyo kwanza amehama leni, na hapo dhana inamgeukia aliyehama. Huku kwetu, trafiki wana tochi za kupima mwendo, na ni vizuri wanazo, lakini kuchomekea hakupimwi kwa tochi. Kunagunduliwa kwa kuuliza, kwa kutazama alama za matairi, kwa kuona kama gari la mbele limegongwa katikati ya bampa au kwenye pembe, na kama lilikuwa limenyooka au limekaa mshazari juu ya mstari. Kamera za kwenye dashibodi, ambazo magari mengi sasa yanazo, zinatoa jibu kwa sekunde chache.

Kwa hiyo ninachoomba kwa Kikosi cha Usalama Barabarani ni kidogo na kinawezekana: kila ajali ya magari yaliyokuwa yakielekea upande mmoja, swali la kwanza la askari liwe nani aliacha leni yake, na jibu lake liandikwe kwenye ripoti kabla ya swali la nani aligonga nani. Kampuni za bima zitalifuata swali hilo haraka, kwa sababu fedha ni zao. Na wale wanaofundisha na kutahini, mamlaka ya ufundi stadi VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na shule za udereva zilizotapakaa mitaani, wawatoe wanafunzi kwenye viwanja vyenye koni na kuwapeleka kwenye leni nne za Kimara hadi Kibaha mchana wa kawaida. Mtahiniwa aambiwe ahame leni moja kwenda kulia. Akiwasha indiketa na kugeuza usukani kwa pamoja, arudi akajifunze tena. Akiwasha, akatazama, akatazama tena, akaona hakuna nafasi, akabaki alipo mpaka ipatikane, apewe leseni.